Karata Nzuri Penye Meza ya Hatari: Somo la Hesabu za Uwezekano

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu ni wa kweli, lakini haukutaja jambo moja ambalo mwanasayansi hana budi kuliuliza: je, ni mawingu mangapi hupita bila ya mvua kunyesha? Mtu asiyejali wingu hata moja ataloweshwa, na mtu akimbiaye kila wingu hatafanya kazi yoyote. Baina ya watu hawa wawili ndipo hesabu za uwezekano zinapopata kazi yake.

Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, iko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Katika mwambao huo mtu aliyeanika dagaa wengi huwa na mali njema, lakini mali hiyo imelala wazi chini ya mbingu. Hali yake yafanana sana na ya mchezaji wa karata aliyepata karata nzuri, kisha akaona kwamba karata zilizofunuliwa mezani zaweza kumpa mwenzake zilizo bora zaidi. Makala haya yanaeleza swali hilo kwa njia ya mchezo wa karata uitwao poka, kwa kuwa humo hesabu zake huonekana waziwazi, na kisha kulirudisha kwenye uanikaji wa dagaa.

Mchezo ulio wazi na mchezo uliofichika

Wasomaji wengi wanaujua mchezo wa bao, ambao kwa Wasukuma una ndugu yake aitwaye isolo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila kete huonekana na wachezaji wote wawili. Mwenye nyumba iliyojaa kete ana nguvu, lakini nguvu hiyo yaweza kutekwa kwa mara moja. Hata hivyo hatari yake iko mbele ya macho. Anayeshindwa katika bao ameshindwa kuona mbele, wala hakufichwa chochote.

Karata ni kinyume cha hayo. Sehemu ya habari imefichwa katika mikono ya wengine na katika fungu ambalo halijafunuliwa. Mchezaji hawezi kujua. Aweza tu kupima. Kwa sababu hiyo swali la bao ni “Atafanya nini?”, na swali la karata ni “Yaelekea ana nini?”

Jinsi poka inavyochezwa

Katika namna ya poka inayochezwa zaidi siku hizi, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri. Kisha hufunuliwa mezani karata 3, halafu 1, halafu 1 ya mwisho. Hizo 5 ni za wote. Kila mmoja huunda karata 5 bora kutokana na zake 2 na hizo za mezani. Baina ya hatua na hatua wachezaji huweka dau, hulipa dau la mwenzao, hulipandisha, au hutupa karata zao na kujitoa.

Kwa somo hili yatosha kukumbuka daraja nne. Karata tatu zenye namba moja ni nzuri. Karata tano za aina moja, mathalani kopa tano, huzishinda hizo tatu. Karata tatu za namba moja pamoja na jozi ya namba nyingine huzishinda kopa tano. Karata nne za namba moja huyashinda yote hayo. Kwa ajili ya mfano, dau litahesabiwa kwa kete badala ya fedha.

Tisa tatu na kopa tatu

Na ichukuliwe kwamba wachezaji ni sita. Mmoja wao, atakayeitwa Mchezaji wa Kwanza, ana 9 ya shupaza na 9 ya uru. Mezani zinafunuliwa mfalme wa kopa, 9 ya kopa na 4 ya kopa. Sasa ana 9 tatu. Aliyeanza na jozi hupata karata ya tatu ya namba hiyo katika zile tatu za kwanza takriban mara 1 tu kati ya 8 au 9. Si ajabu basi moyo wake ukajaa furaha.

Lakini karata zote tatu za mezani ni kopa. Yeyote mwenye kopa mbili mkononi amekwisha kumshinda kwa sasa. Je, jambo hilo laelekea kiasi gani?

Mchezaji wa Kwanza ameona karata 5, hajaziona 47. Katika hizo 47 zimo kopa 10. Njia za kuchagua karata 2 kati ya 47 ni 47 × 46 ÷ 2, yaani 1,081. Njia za kuchagua kopa 2 kati ya 10 ni 10 × 9 ÷ 2, yaani 45. Kwa hiyo uwezekano kwamba mpinzani mmoja, aliyepewa karata bila kuchagua, ana kopa mbili ni 45 kati ya 1,081, yaani karibu asilimia 4.2.

Hatari hiyo ni ndogo. Tena Mchezaji wa Kwanza ana njia ya kuokoka hata ikiwa ameshindwa. Ikifunuliwa 9 iliyobaki, au mmoja wa wafalme watatu, au mojawapo ya 4 tatu, atapanda daraja na kuzishinda kopa. Hizo ni karata 7 kati ya 47. Asipoipata katika karata ya nne, katika ya tano atakuwa na karata 10 kati ya 46, kwa sababu namba ya ile ya nne nayo yaweza kupata jozi. Uwezekano wa kukosa mara zote mbili ni 40/47 × 36/46, yaani karibu theluthi mbili. Basi theluthi moja ya mara zote atapanda.

Idadi ya wachezaji hubadili hesabu

Asilimia 4.2 ni ya mpinzani mmoja. Wapinzani wakiwa watano na wote wangali mchezoni, uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana kopa mbili hufika karibu asilimia 20, yaani mara 1 kati ya 5. Karata za mchezaji ni zilezile na meza ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya macho yanayoitazama.

Jambo hili hudhihirika zaidi karata ya nne ikiwa kopa, nalo hutokea mara 10 kati ya 47. Hapo mpinzani hahitaji tena kopa mbili, moja yamtosha. Zimebaki kopa 9 katika karata 46. Mpinzani mmoja ana kopa angalau moja kwa uwezekano wa karibu asilimia 36. Wapinzani wawili: karibu asilimia 60. Wapinzani watano: zaidi ya asilimia 91.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ya kwanza. Mwenye karata nzuri penye meza ya hatari asikae kimya akingoja watu wote waendelee kutazama bure. Aweke dau mapema, wakati angali na nguvu, ili wenye kopa moja watoe gharama ya kungoja au wajitoe. Wachezaji wa madau madogo aghalabu hupenda kulipa ili “waone tu”. Kila aonaye bure ni mlango mmoja zaidi wa kupotezea.

Dau la mwenzako ni dalili

Hesabu za hapo juu zimechukulia kwamba wapinzani hawajasema lolote. Lakini katika poka dau ni neno. Mpinzani anapopandisha dau baada ya kuona kopa tatu, ametoa dalili kama wingu linavyotoa. Namna ya kuipima dalili kama hiyo ilielezwa na Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1763. Kanuni yake yaweza kueleweka kwa kuhesabu tu, bila ya alama ngumu.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya kufundishia, kuwa kuna wapinzani wa namna mbili. Mwangalifu hupandisha dau kubwa mara 80 kati ya 100 akiwa na kopa tano, lakini mara 2 tu kati ya 100 akiwa hana. Mchangamfu naye hupandisha mara 80 akiwa nazo, na mara 40 akiwa hana, kwa kuwa hupenda kutisha watu.

Meza hiyohiyo ya kopa tatu irudiwe mara 10,000. Mpinzani atakuwa na kopa mbili karibu mara 416, na atakuwa hana mara 9,584.

Mwangalifu atapandisha mara 333 akiwa nazo (asilimia 80 ya 416) na mara 192 akiwa hana (asilimia 2 ya 9,584). Jumla ni mara 525, na katika hizo 333 ni za kweli. Kwa hiyo Mwangalifu anapopandisha, uwezekano wa kopa tano hupanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 63.

Mchangamfu atapandisha mara 333 akiwa nazo na mara 3,834 akiwa hana. Jumla ni 4,167. Uwezekano hupanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 8 tu.

Dau ni moja, meza ni moja, lakini maana yake imetofautiana karibu mara nane. Hii ndiyo kanuni ya pili, nayo ni kiini cha somo: uzito wa dalili hautokani na ukubwa wa sauti yake, bali na uchache wa nyakati ambazo hutolewa bure.

Kulipa au kutupa

Baada ya kupima, yapasa kuamua. Tuseme katikati ya meza pana kete 60, na mpinzani anaongeza kete 40 ambazo ndizo zote alizobakiwa nazo. Mchezaji wa Kwanza akilipa 40 aweza kupata 100. Fungu zima litakuwa kete 140. Kwa hiyo kulipa kuna faida ikiwa uwezekano wa kushinda unazidi 40/140, yaani asilimia 28.6.

Mpinzani akiwa Mwangalifu na meza ikiwa na kopa tatu: mara 63 kati ya 100 ana kopa tano, na hapo Mchezaji wa Kwanza hushinda karibu mara 35 kwa mia kwa kupanda daraja. Mara 37 hana, na hapo, kwa makadirio ya kufundishia, Mchezaji wa Kwanza hushinda mara 85 kwa mia. Jumla ni 0.63 × 0.35 + 0.37 × 0.85, yaani karibu asilimia 53. Alipe. Ijapokuwa yaelekea yuko nyuma kwa sasa, njia yake ya kuokoka yaihalalisha gharama.

Sasa karata ya nne iwe kopa, na Mwangalifu aongeze kete 40 zilezile hapo. Katika mara 10,000 ana kopa mara 3,565, na hupandisha mara 2,852 kati ya hizo. Akiwa hana, hupandisha mara 129 tu. Uwezekano wa kopa tano ni karibu asilimia 96. Tena imebaki karata moja tu ya kufunuliwa, na ya kumwokoa Mchezaji wa Kwanza ni karibu 10 kati ya 44, yaani asilimia 23. Mpinzani asipokuwa na kopa, ikadiriwe kuwa Mchezaji wa Kwanza hushinda mara 90 kwa mia. Jumla inakuwa 0.96 × 0.23 + 0.04 × 0.90, yaani karibu asilimia 26. Haifiki 28.6. Azitupe 9 zake tatu, na afanye hivyo bila majuto.

Kama ni Mchangamfu aliyepandisha kwenye meza hiyohiyo, uwezekano wa kopa tano ni karibu asilimia 53, na wa Mchezaji wa Kwanza kushinda ni karibu asilimia 55. Alipe.

Yaonekana basi kwamba hakuna jibu la swali “Je, 9 tatu ni karata nzuri?” mpaka iulizwe pia: penye meza gani, mbele ya watu wangapi, na ni nani aliyepandisha? Kosa la mchezaji wa kawaida si kukosa karata nzuri; ni kukumbuka jinsi zilivyokuwa nzuri dakika tano zilizopita.

Kutoka mezani hadi uanikoni

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa mchana. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka huharibika, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kuwakusanya na kuwafunika kwa turubai kuna gharama pia: kazi ya watu, na jua lililopotea ikiwa mvua haikunyesha.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba katika siku 100 za kuanika, 20 hunyesha mvua. Pwani wapo wazee wawili wanaosoma mbingu. Mzee wa kwanza hutahadharisha siku 16 katika hizo 20 za mvua, na siku 4 katika zile 80 kavu. Anapotahadharisha, mvua hunyesha siku 16 kati ya 20: asilimia 80. Mzee wa pili hutahadharisha siku 18 za mvua, na siku 72 kavu. Kwa mtazamo wa haraka yeye ndiye bora, maana siku za mvua zilizompita bila onyo ni 2 tu. Lakini anapotahadharisha, mvua hunyesha siku 18 kati ya 90, yaani asilimia 20, sawasawa na siku yoyote iliyochukuliwa bila kuulizwa mtu. Onyo lake halina habari yoyote ndani yake. Yeye ndiye Mchangamfu wa pwani.

Kunyamaza nako ni dalili. Mzee wa kwanza hunyamaza siku 80, na katika hizo mvua hunyesha siku 4 tu: asilimia 5. Mwanikaji aweza kuendelea na kazi kwa utulivu.

Kama kukusanya na kufunika kunagharimu shilingi 10,000, na mvua ikikuta dagaa wazi hasara ni shilingi 40,000, basi inafaa kufunika pindi uwezekano wa mvua unapozidi 10,000/40,000, yaani asilimia 25. Mzee wa kwanza akionya, afunike. Wa pili akionya, aendelee kuanika. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nao wapaswa kutumiwa vivyo hivyo: mwanikaji aandike katika daftari kila siku kilichotabiriwa na kilichotokea mahali pake, na baada ya msimu mmoja au miwili atakuwa na kipimo chake mwenyewe.

Mipaka ya hesabu

Elimu hii ilizaliwa mezani pa michezo. Mwaka 1654 Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walichapisha kitabu cha nadharia ya michezo ambamo poka ilichambuliwa, na kutisha bure kukaonyeshwa kuwa ni sehemu ya uchezaji wa akili, wala si utovu wa adabu tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kompyuta imetatua kwa vitendo namna moja ya poka ya watu wawili yenye madau yaliyowekewa kikomo. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji mahiri katika meza ya watu sita.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba hesabu hizi ni ufunguo wa utajiri. Kwanza, asilimia 4.2 ilichukulia kwamba mpinzani ana karata zozote; kwa kweli wengi hutupa mbaya mapema na kubaki na karata mbili za aina moja, hivyo hatari huwa kubwa kidogo kuliko ilivyohesabiwa. Pili, tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja. Tatu, penye meza ya biashara mwenye meza hutoa sehemu yake katika kila fungu, hata wachezaji wenye uwezo sawa wote wakarudi nyumbani na upungufu. Katika Tanzania michezo ya kubahatisha husimamiwa na bodi maalumu chini ya sheria ya mwaka 2003, nayo hairuhusiwi kwa walio chini ya umri wa miaka 18. Kwa darasa na nyumbani, kete au punje za mahindi zatosha kabisa. Uwezekano haubadiliki kwa sababu ya kilichowekwa mezani.

Maswali ya kujipima

1. Mezani pana kopa nne. Mchezaji hana kopa mkononi, na wapinzani ni wawili. Ni uwezekano gani kwamba hakuna mpinzani hata mmoja mwenye kopa?

2. Katikati pana kete 90. Mpinzani anaongeza 30 ambazo ndizo zake za mwisho. Ni lazima uwezekano wa kushinda uzidi kiasi gani ili kulipa kuwe na faida?

3. Mzee wa tatu hutahadharisha siku 5 tu kati ya 100, na zote 5 hunyesha mvua. Siku za mvua ni 20. Akinyamaza, uwezekano wa mvua ni upi? Je, ukimya wake una manufaa kama wa mzee wa kwanza?

Majibu: (1) 37/46 × 36/45 × 35/44 × 34/43, yaani karibu asilimia 40. (2) 30/150, yaani asilimia 20. (3) Siku 15 kati ya 95, yaani karibu asilimia 16. Onyo lake ni la kuaminiwa kabisa, lakini ukimya wake hausaidii sana: hupunguza hatari kutoka asilimia 20 hadi 16 tu, ilhali ukimya wa mzee wa kwanza huishusha hadi 5.